Pampu ya Buluu Inapokwisha Mapema
Mada kwa wakazi wa Bujora kuhusu matumizi salama ya dawa ya kutuliza pumu



Katika nyumba yenye mgonjwa wa pumu, kuna kifaa kidogo ambacho hupewa heshima kuliko vyombo vyote vya ndani. Ni cha plastiki, aghalabu cha rangi ya buluu, nacho kina kikopo cha chuma kilichochomekwa ndani yake. Wengine hukiita pampu, wengine inhela, wengine dawa ya kuvuta. Hulazwa chini ya mto, hubebwa katika mkoba wa mama, au huwekwa juu ya kabati pasipofikiwa na watoto. Heshima hiyo kinaistahili, kwa kuwa kimewarudishia wengi pumzi usiku wa manane, saa ambayo pikipiki ni adimu na njia ya kwenda Kisesa ni kiza kitupu.

Lakini heshima hiyo huficha jambo moja ambalo ndilo kiini cha mada hii. Pampu ya buluu hutuliza, haitibu. Kadiri inavyokwisha upesi, ndivyo inavyotoa habari kuwa ugonjwa umekwisha kupita uwezo wake, na habari hiyo mara nyingi hutangulia shambulio kubwa kwa majuma au miezi. Kaya inayojua kuisoma huwa na muda wa kufika kituo cha afya kwa miguu yake. Isiyojua hufika ikiwa imembeba mgonjwa, au haifiki.

Ili jambo hili lieleweke, yafaa kutazama kinachotokea kifuani. Njia za hewa za mwenye pumu zina uvimbe wa ndani ambao haupotei hata siku anayojiona mzima. Uvimbe huo huzifanya njia ziwe nyepesi kuudhika. Zikikutana na moshi, vumbi, mafua au baridi ya alfajiri, misuli inayozizunguka hukaza, makamasi huongezeka, na hewa hupita kwa shida ikitoa sauti kama ya filimbi. Dawa iliyomo katika pampu nyingi za buluu ni salbutamoli. Kazi yake ni kulegeza misuli ile, nayo huifanya kwa haraka ya kusifika: nafuu huanza ndani ya dakika chache na hudumu kwa muda wa saa nne hadi sita. Uvimbe, hata hivyo, hubaki vilevile. Ni sawa na mwenye nyumba anayeweka ndoo chini ya bati linalovuja. Sakafu itabaki kavu usiku huo, lakini tundu halijazibwa, na mvua ijayo huenda ndoo isitoshe.

Kinachopunguza uvimbe ni dawa nyingine, nayo ni steroidi ya kuvuta, kama beklometasoni au budesonaidi. Mara nyingi huja katika pampu ya rangi ya kahawia au ya machungwa, ingawa viwanda havifuati rangi moja, kwa hiyo jina lililoandikwa juu ya kikopo ndilo la kuaminiwa. Dawa hiyo haileti nafuu ya papo hapo, na hapo ndipo inapokosa marafiki. Mgonjwa huivuta siku tatu, haoni tofauti, huiacha na kurudi kwa ile ya buluu ambayo humjibu mara moja. Ingelifaa aendelee kila siku kama alivyoelekezwa, asukutue kinywa kwa maji na kuyatema kila baada ya kuivuta, na ampe daktari nafasi ya kupima maendeleo yake.

Mwaka 2019 jopo la kimataifa la wataalamu wa pumu lijulikanalo kwa jina la GINA lilitangaza kwamba halishauri tena watu wazima na vijana wa miaka 12 na zaidi watibiwe kwa dawa ya kutuliza peke yake bila steroidi ya kuvuta. Huo ulikuwa mgeuko mkubwa, kwa kuwa kwa takribani nusu karne wenye pumu nyepesi walipewa pampu ya buluu tu na kuambiwa inatosha. Siku hizi pia ipo pampu moja yenye dawa mbili ndani yake, budesonaidi na formoteroli, ambayo hutuliza na kupunguza uvimbe kwa pamoja. Kama inamfaa mgonjwa fulani, na kama inapatikana, ni suala la kujadiliwa na daktari.

Hesabu ya kikopo ni nyepesi, na yafaa ifanyike katika kila kaya. Kikopo cha kawaida cha salbutamoli kina mipulizo 200. Mgonjwa ambaye pumu yake imetulia huihitaji dawa hiyo mara chache sana, hata kikopo kimoja kikakaa naye mwaka mzima au zaidi. Anayemaliza vikopo 3 au zaidi kwa mwaka yumo katika hatari iliyoongezeka ya kupata shambulio kali. Anayemaliza kimoja kila mwezi yumo katika hatari iliyoongezeka ya kufa. Vikopo 12 ni mipulizo 2,400, yaani zaidi ya mipulizo 6 kwa siku, kila siku ya mwaka. Na mtu wa namna hiyo huweza kuonekana sokoni akiuza nyanya, akitabasamu, asijue kwamba amesimama ukingoni. Kuandika kwa kalamu ya wino, juu ya plastiki ya pampu, tarehe ilipofunguliwa ni kazi ya nusu dakika. Mwenye duka la dawa muhimu naye anaweza kumsaidia jirani yake kwa swali moja tu kabla ya kupokea fedha: ile ya mwisho ilinunuliwa lini?

Dunia imekwisha kulipa gharama ya kutosoma habari hiyo. Pampu ya kubonyeza ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1956. Katika miaka ya 1960 vifo vya pumu vilipanda ghafla katika nchi kadhaa, zikiwamo Uingereza na New Zealand, vikahusishwa na dawa kali ya kutuliza iliyokuwa ikitumika wakati ule. New Zealand ilipigwa mara ya pili kuanzia mwaka 1976, safari hii kwa dawa iitwayo fenoteroli, na vifo vilishuka pale matumizi yake yalipobanwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Salbutamoli ya leo si dawa zile, na hakuna sababu ya kuiogopa. Somo lililobaki ni kuhusu mwenendo wa mgonjwa: anayepata nafuu ya muda kila anapobonyeza huahirisha safari ya hospitali, huku njia zake za hewa zikiendelea kuziba.

Ipo pia hofu ya upande wa pili, na hapa Kanda ya Ziwa imeenea. Husemwa kwamba pampu inazoesha, kwamba mtu akianza kuvuta hataacha mpaka kufa, na kwamba mtoto wa kike akionekana nayo atakosa mchumba. Kwa hiyo pampu hufichwa, na mgonjwa hupewa vidonge vya salbutamoli kwa kuwa kidonge hakimtii mtu aibu. Ukweli ni kwamba pampu haileti uraibu. Kidonge kina dawa ileile, ila kwa kiasi kikubwa mara nyingi zaidi, kwa kuwa hakina budi kuzunguka mwili mzima kupitia damu kabla ya kufika kifuani. Ndiyo maana huchelewa kufanya kazi na hutetemesha mikono na kuupigisha moyo mbio zaidi. Mpulizo mmoja wa pampu una mikrogramu 100 tu. Kidonge cha miligramu 4 kina dawa mara 40 ya hiyo. Anayekwepa pampu kwa kuogopa ukali wa dawa amekimbilia kwenye ukali wenyewe.

Kubonyeza pampu ipasavyo kunahitaji mazoezi, na wengi waliokuwa nayo miaka mingi hawajawahi kuonyeshwa. Mgonjwa huketi wima au husimama. Huondoa kifuniko na kuchungulia ndani ya mdomo wa pampu, kwa sababu pampu iliyokaa mfukoni bila kifuniko huweza kuokota sarafu, mchanga au hata mdudu. Huitikisa vizuri. Ikiwa ni mpya au haijatumiwa kwa siku kadhaa, hupuliza kwanza hewani kama karatasi yake inavyoelekeza. Kisha hutoa pumzi yote taratibu, huuweka mdomo wa pampu katikati ya meno na kuufumba kwa midomo, huanza kuvuta hewa polepole, na palepale anapoanza hubonyeza mara moja, akiendelea kuvuta mpaka kifua kijae. Huzuia pumzi kwa kadiri ya kuhesabu hadi kumi, kisha huiachia. Akihitaji mpulizo wa pili, husubiri nusu dakika hadi dakika moja, hutikisa tena na kurudia. Kosa la kawaida kuliko yote ni kubonyeza kwanza na kuvuta baadaye: dawa hubaki kooni na kwenye ulimi, mgonjwa huonja uchungu wake na kudhani amepona kwa nusu.

Dawa hiyo hutulia vyema zaidi ikipitia kwanza ndani ya chombo kilicho wazi katikati ya pampu na mdomo, kiitwacho spesa. Kwa mtoto chombo hicho ni cha lazima, na mtu mzima aliyebanwa naye humsaidia mno. Spesa za kiwandani si rahisi kupatikana vijijini. Lakini mwaka 1999 watafiti wa Cape Town, Afrika Kusini, wakiongozwa na Profesa Heather Zar, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba chupa ya kawaida ya plastiki ya ujazo wa mililita 500, iliyotobolewa kitakoni na kuchomekwa pampu, iliwasaidia watoto waliobanwa na pumu sawasawa na spesa ya kununua. Kikombe cha povu walichokijaribu hakikufikia kiwango hicho. Chupa za namna hiyo zimetapakaa kando ya barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma kiasi cha kuwa kero, na hapa angalau zimepatiwa kazi.

Tundu hutobolewa kitakoni mwa chupa kwa chuma kilichopashwa moto, liwe na umbo na ukubwa wa mdomo wa pampu ili mdomo huo uingie na kukaza bila kuacha upenyo. Ukiwapo, huzibwa kwa gundi na kuachwa ukauke kabisa. Chupa huoshwa kwa maji yenye sabuni na kuanikwa ikauke yenyewe bila kufutwa kwa kitambaa, kwa sababu kusugua plastiki huifanya ishike dawa kwenye kuta zake. Mgonjwa huweka midomo kwenye mdomo wa chupa, jamaa hutikisa pampu na kubonyeza mara moja, na mgonjwa hupumua taratibu ndani ya chupa mara nne hadi sita. Mpulizo mmoja kwa zamu moja. Kubonyeza mara tatu kwa mkupuo ni kupoteza dawa. Chupa hii humfaa mtoto anayeweza kufumba midomo yake vyema na kupumua kwa kuelekezwa. Aliye mdogo zaidi huhitaji spesa yenye kikombe cha kufunika pua na mdomo, na yafaa mama yake aonyeshwe na mhudumu wa afya.

Siku ya shambulio, wanaomzunguka mgonjwa hupatwa na hofu kuliko yeye mwenyewe, na jambo la kwanza wanalofanya ni kumlaza. Hilo halifai. Mgonjwa huketishwa wima, ameegemea mbele kidogo, nguo za kifuani zimelegezwa, watu wamepungua chumbani. Hupewa mpulizo mmoja kila nusu dakika hadi dakika moja, ikiwezekana kupitia chupa, mpaka apate nafuu au mpaka ifike mipulizo 10. Asipopata nafuu, safari ya hospitali haingoji tena, na mipulizo hiyo hurudiwa njiani. Vilevile anayepata nafuu ikakatika kabla ya saa nne anapaswa kwenda kituoni siku hiyohiyo, hata kama anajisikia aibu kwa kuwa pale mlangoni pumzi imekuwa njema kidogo.

Zipo dalili ambazo zikionekana hakuna kusubiri hata mpulizo wa kumi: mgonjwa kushindwa kumaliza sentensi moja kwa pumzi moja, mtoto kushindwa kunyonya au kula, nyama za katikati ya mbavu kudidimia kila anapovuta hewa, midomo, ufizi au kucha kugeuka rangi ya kijivu au samawati, kuchanganyikiwa, na usingizi usio wa kawaida. Ya kutisha kuliko zote ni kimya. Kifua kilichokuwa kikipiga filimbi kikinyamaza ghafla huku mgonjwa akiwa bado anahangaika, si ishara ya nafuu. Hewa imekuwa haba mno hata haiwezi kutoa sauti. Akipelekwa kwa bodaboda, akae wima katikati ya dereva na jamaa anayemshika, pampu ikiwa mkononi mwa jamaa huyo.

Mabishano mengi hutokea kuhusu kuazimana pampu. Katika dharura ya kweli, mwenye pumu inayojulikana asiye na pampu yake asinyimwe ya jirani yenye salbutamoli. Lakini pampu ya ukoo, inayozunguka kutoka kwa shangazi hadi kwa wajukuu, ina madhara ambayo hayaonekani: hakuna anayejua nani amevuta mara ngapi, na ile hesabu ya vikopo iliyoelezwa hapo juu hupotea kabisa. Tena, si kila anayekohoa na kubanwa kifua ana pumu. Kifua kikuu na magonjwa ya moyo huweza kujificha nyuma ya pampu ya kuazima, na kikohozi kilichofikisha wiki mbili kinastahili kupimwa makohozi.

Mgonjwa wa pumu anayetibiwa shinikizo la damu au maradhi ya macho hana budi kumtajia tabibu pumu yake, kwa sababu propranololi, na hata matone ya timololi, huweza kukaza njia za hewa na kuizuia salbutamoli isifanye kazi. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni huwachochea baadhi ya wagonjwa. Mjamzito mwenye pumu asiache dawa zake za kuvuta. Hatari kwa mtoto aliye tumboni ni mama kukosa hewa.

Vichochezi vya Bujora vinajulikana na wakazi wenyewe. Kuna moshi wa kuni na mkaa katika jiko lisilo na dirisha, moshi wa kukaushia samaki kwenye mialo, pumba za mashine za kukoboa mpunga, na vumbi la pamba wakati wa msimu. Mwezi Juni, wakati wa sherehe za Bulabo, Bagika na Bagalu hupigisha ardhi miguu mpaka uwanja ukatoweka katika vumbi. Hakuna sababu ya mchezaji mwenye pumu kuikosa ngoma hiyo. Daktari wake anaweza kumwelekeza avute mipulizo 2 dakika 10 au 15 kabla ya kuingia uwanjani, na pampu abaki nayo kiunoni, si kwenye begi lililofungiwa ndani ya gari la kikundi. Mvuvi wa dagaa naye, anayeondoka jioni na kurudi alfajiri, anahitaji pampu iliyomo ndani ya kopo lenye mfuniko usiopitisha maji, pamoja na mwenzake mmoja chomboni anayejua kuitumia.

Shuleni pampu hukutana na adui asiyetarajiwa, nayo ni kufuli. Kwa nia njema kabisa, dawa ya mtoto hutunzwa katika kabati la ofisi, na ufunguo huenda semina pamoja na mwalimu. Mzazi na mwalimu mkuu wanapaswa kukubaliana kwa maandishi kwamba mtoto aliyefundishwa abaki na pampu yake, na kwamba mdogo asiyeweza kujihudumia pampu yake iwe darasani, mikononi mwa mwalimu aliyepo siku hiyo.

Imesalia namna ya kukitunza kifaa chenyewe. Pampu haipendi jua kali, wala joto la ndani ya gari lililofungwa. Mara moja kwa wiki kikopo huchomolewa na kuwekwa pakavu, na plastiki peke yake husafishwa kwa maji ya uvuguvugu yanayopita, kisha huachwa ikauke. Desturi ya kutumbukiza kikopo katika beseni ili kuona kama kitaelea haina ukweli wowote, nayo huharibu tundu la dawa. Kikopo huweza kuendelea kutoa upepo baada ya dawa kwisha, kwa hiyo kutikisa na kusikiliza pia hakusaidii. Penye kihesabu nyuma ya pampu, kihesabu kitazamwe, na pasipo nacho, mipulizo iandikwe. Kikopo kilichokwisha kisitobolewe wala kutupwa kwenye shimo la takataka zinazochomwa, kwa maana hulipuka. Kirudishwe zahanati au duka la dawa kilikonunuliwa.